UZI: Kuthibitisha umiliki wa tovuti yako kwenye Google na Bing, kwa anayeanza kabisa

Fundi_Wavuti (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Napokea ujumbe wa aina moja mara kwa mara: "Nimefungua tovuti, nimeweka kila kitu, ila Google wananitaka nithibitishe umiliki na sijui nianzie wapi." Nimeona nifungue uzi mmoja ambao hata mtu asiyejua lolote ausome kutoka juu hadi chini, amalize kazi yake leo leo. Wajuzi karibuni, mniongezee na mnisahihishe nikikosea.

Kwanza tuondoe hofu. Kuthibitisha umiliki si kusajili tovuti, wala si kuomba kibali. Injini ya utafutaji inaweza kuipata tovuti yako na kuionyesha hata kama hujawahi kugusa chombo chao chochote. Nenda kwenye kisanduku cha Google uandike site:example.com, badala ya example.com weka domeni yako (jina la tovuti yako), na usiache nafasi baada ya nukta mbili. Kurasa zako zikitokea, ujue wameshakufikia kitambo.

Basi uthibitisho ni wa nini? Google wana chombo cha bure kiitwacho Search Console. Wakongwe walikijua kwa jina la Webmaster Tools hadi 2015. Ndani yake unaona watu waliandika maneno gani hadi tovuti yako ikawatokea, ukurasa upi haukuingizwa kwenye faharasa (orodha ya kurasa zinazoweza kutokea kwenye matokeo) na sababu yake, na kama kuna dalili za udukuzi. Unaweza hata kuomba ukurasa ufichwe kwa muda kwenye matokeo. Sasa fikiria uwezo huo ukiwa wazi kwa kila mtu. Asiyekupenda angeingia asubuhi akaficha kurasa zako zote. Ndiyo maana wanataka kwanza uonyeshe kwamba funguo unazo wewe.

Neno ni hilo: funguo. Hawaulizi risiti wala kitambulisho. Wanakupa msimbo wa herufi na tarakimu, wanakwambia uuweke mahali ambapo mwenye funguo peke yake ndiye anayeweza kufika. Ukiuweka, wanakuja kuangalia. Ni sawa na mtu anayesema nyumba ile ni yake, nawe ukamwambia: haya, ingia uwashe taa ya chumba cha ndani, mimi nitaiona nikiwa hapa njiani.

Mahali pa kuuweka ndipo njia zinapoachana. Unaweza kupakia faili dogo la HTML kwenye seva (kompyuta inayotunza tovuti yako), kubandika tagi ya meta (mstari mfupi wa msimbo ambao msomaji haoni) kwenye ukurasa wa mwanzo, au kuweka rekodi ya TXT (mstari wa maandishi) kwenye DNS ya domeni, yaani daftari linaloelekeza kompyuta nyingine domeni yako iko wapi. Kama tayari una vyombo vya Google vya kufuatilia wageni, Google Analytics au Tag Manager, kwenye tovuti, hizo nazo zinakubalika. Na wenye blogu za Blogger wakiingia kwa akaunti ileile, kwa kawaida huthibitishwa bila kufanya lolote.

Mimi nakushauri DNS, kama domeni ni yako na unaweza kufika kwenye mipangilio yake. Sababu ni hii. Ukifungua Search Console unaulizwa kama unataka domeni nzima au anwani moja yenye kiambishi (URL prefix), yaani iliyoandikwa kamili kuanzia https://. Domeni nzima, ambayo ilianza kupatikana 2019, inakusanya kila kitu: http na https, yenye www na isiyo na www, hata domeni ndogo kama blogu.example.com. Anwani yenye kiambishi inahesabu ile uliyoiandika na kurasa zilizo chini yake tu. Nimeona watu wengi wakithibitisha https://example.com wakati tovuti yenyewe inaishi https://www.example.com, kisha wanakaa mwezi mzima wakitazama sifuri. Domeni nzima inakuepusha na hilo, ila haikubali njia nyingine zaidi ya DNS.

Hatua zenyewe: ingia Search Console kwa akaunti ambayo utakuwa nayo miaka yote, chagua domeni, andika jina bila https na bila www, nakili maandishi wanayokupa yanayoanza na google-site-verification=. Nenda kwenye mipangilio ya DNS, ongeza rekodi mpya, aina TXT, kwenye jina weka @ au uache wazi kutegemea paneli yako (ukurasa wa mipangilio wa kampuni yako), kwenye thamani bandika yale maandishi yote. Hifadhi. Rudi Search Console ubonyeze kitufe cha kuthibitisha.

Onyo moja tu hapa: usihariri wala kufuta rekodi ya TXT uliyoikuta. Domeni moja inaweza kuwa na TXT nyingi bila ugomvi. Ile inayoanza na v=spf1 ndiyo inayosema ni seva zipi zinaruhusiwa kutuma barua pepe kwa jina lako; ukiandika msimbo wako juu yake, barua zako zitaanza kuangukia kwenye taka na hutajua chanzo.

Ulizeni.

Nuru_ya_Asubuhi

Asante sana mkuu kwa uzi. Mimi nimeanza jana jioni. Nimeweka TXT kama ulivyosema, nimehakiki herufi kwa herufi, lakini kila nikibonyeza naambiwa msimbo haukuonekana. Nimesoma mahali kwamba nisubiri. Nisubiri hadi lini?

Fundi_Wavuti

Kusubiri kupo, Nuru. Google wenyewe wanasema mabadiliko ya DNS yanaweza kuchukua siku mbili tatu. Lakini mara nyingi ni dakika chache hadi saa moja, kwa hiyo tangu jana jioni mimi ningeshuku kitu kingine. Nijibu maswali mawili: domeni ulisajili wapi, na tovuti imepangishwa wapi, yaani mafaili yake yanakaa kwa nani? Sitaki majina ya kampuni, nataka kujua kama ni sehemu moja au mbili.

Nuru_ya_Asubuhi

Ni sehemu mbili tofauti. Domeni nilinunua kwa kampuni moja, tovuti ipo kwa nyingine. TXT nimeiweka kule nilikonunulia domeni.

Fundi_Wavuti

Hapo ndipo penye fundo, na nitakaa nalo kidogo kwa sababu linawakwamisha wengi kuliko mengine yote.

Kila domeni ina seva za majina, kwenye paneli huandikwa NS. Hizo ndizo zinazojibu dunia nzima ikiuliza habari za domeni yako. Ulipohamishia tovuti kwa kampuni ya pili, yaelekea uliambiwa ubadilishe seva za majina ziwe za kwao. Tangu siku hiyo kampuni ya kwanza imebaki na usajili tu. Kinachochanganya ni kwamba paneli yao bado inaweza kukuonyesha ukurasa wa rekodi za DNS, ukajaza, ukahifadhi, ukapewa hata alama ya kijani. Lakini hakuna anayekwenda kusoma pale tena. Ni kama kubandika tangazo kwenye mlango wa ofisi iliyohama.

Kwa hiyo fungua usajili wa domeni, tazama seva za majina zinataja nani. Zikitaja kampuni ya kupangisha, TXT inawekwa kwao. Zikitaja Cloudflare (kampuni nyingine inayotunza DNS), basi ni kwenye akaunti ya Cloudflare, hata kama hukumbuki ulifungua lini.

Mzee_wa_Seva

Naongezea hapo kwa Fundi. Usibahatishe, uliza DNS yenyewe. Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta, liwe la Windows, Mac au Linux, uandike:

nslookup -type=NS example.com

Utaona seva za majina zinazotumika kweli. Kisha:

nslookup -type=TXT example.com

Hii inakuletea TXT zote ambazo dunia inaziona. Msimbo wa Google ukiwa haumo kwenye jibu, hata ubonyeze kitufe mara mia Google hawataukuta. Ukiwemo, rudi ubonyeze. Mimi huwa sigusi kile kitufe kabla sijaona jibu kwa macho yangu.

Jambo la pili, paneli nyingine huongeza domeni mwishoni mwa jina zenyewe. Ukiandika example.com kwenye sehemu ya jina, inatengeneza example.com.example.com na msimbo wako unakwenda kukaa huko porini. Ndiyo maana Fundi amesema @ au uache wazi.

Kalamu_ya_Mama

Naomba kuuliza na mimi. Tovuti yangu ni WordPress. Mwezi uliopita nilitumia tagi ya meta, nikaibandika kwenye faili la mandhari (theme, muonekano wa tovuti) sehemu ya kichwa, ikakubali vizuri. Juzi nikapata barua pepe kwamba si mmiliki tena aliyethibitishwa. Sijagusa kitu!

Fundi_Wavuti

Pole dada. Jaribu kukumbuka kama mandhari yalijisasisha. Toleo jipya la mandhari likija linafuta faili la zamani pamoja na ulichokibandika ndani yake. Na Google hawaangalii mara moja wakasahau, hurudi mara kwa mara kukagua kama msimbo bado upo. Wakikosa, kwa muda wanakuvumilia, kisha umiliki unaondolewa. Habari njema ni kwamba data zako hazijafutwa. Ukithibitisha tena unazikuta.

Kwa WordPress usibandike kwenye faili la mandhari. Plagini (programu za nyongeza) nyingi za SEO, yaani za kusaidia tovuti ionekane kwenye utafutaji, zina sehemu maalumu ya msimbo wa uthibitisho, tumia hiyo. Au tengeneza mandhari-toto (child theme) ambayo masasisho hayaigusi. Au hamia TXT ya DNS, maana hata ukibadilisha mandhari, plagini, au ukajenga tovuti upya kabisa, DNS haijui habari hizo.

Kalamu_ya_Mama

Ni kweli, mandhari yalisasishwa Jumatatu. Kumbe.

Daftari_Jipya

Mimi sina DNS wala seva, natumia huduma ya kujenga tovuti kwa kuburuta vipande, na anwani yangu iko chini ya domeni yao. Nimebandika tagi kwenye ukurasa wa mwanzo, ninaiona kabisa imeandikwa juu ya picha, lakini Google wanasema hawaioni.

Fundi_Wavuti

Ukiiona imeandikwa kwenye ukurasa, basi imekaa pasipo pake. Umeibandika kwenye maandishi ya ukurasa, yaani mwilini, wakati inatakiwa ikae kichwani, ndani ya <head>, ambako msomaji haioni. Huduma hizo huwa na ukurasa wa mipangilio ya SEO au ya msimbo maalumu. Ndipo pa kuibandika. Kwa anwani iliyo chini ya domeni ya wengine chagua anwani yenye kiambishi, hiyo ya domeni nzima si yako kuithibitisha.

Ukishahifadhi, fungua ukurasa wako wa mwanzo kwenye dirisha la faragha ili uone kile anachokiona mgeni, bonyeza Ctrl na U, tafuta neno google-site-verification kwenye chanzo. Angalia pia alama za nukuu. Msimbo ukipitia kwenye programu ya maandishi au ya ujumbe, nukuu zilizonyooka hugeuka kuwa zilizopinda, na tagi nzima inaharibika bila wewe kugundua.

Na kama tovuti bado imewekwa ule ukurasa wa "tunakuja hivi karibuni", Google anakutana na huo badala ya ukurasa wako. Uzime kwanza. Hilo hilo kwa plagini za kache, zinazohifadhi nakala ya ukurasa ili ufunguke haraka: ukishaweka tagi futa kache, la sivyo wageni wataendelea kupewa ukurasa wa jana.

Mkono_Mwepesi

Mimi nilitumia faili kwa kutumia simu. Nilipakia kwenye public_html (folda ya tovuti kwenye seva) likakataa. Sababu nimekuja kuiona baada ya saa nzima: nililipakua mara mbili na simu ikaongeza (1) kwenye jina.

Mzee_wa_Seva

Umefanya vyema kulisema. Jina la faili lisiguswe hata herufi moja, na yaliyomo yasiguswe. Ukishapakia, lifungue kwenye kivinjari kwa anwani yake kamili. Unatakiwa uone mstari mmoja tu, unaoanza na google-site-verification, basi. Ukiona ukurasa wako wa mwanzo badala ya mstari huo, seva inamrudisha kila mtu nyumbani, na Google naye anarudishwa vilevile.

Mkono_Mwepesi

Nikishathibitishwa naweza kulifuta? Naona linajaza nafasi.

Mzee_wa_Seva

Usilifute. Ni maneno machache tu hayo. Ukilifuta yatakupata yaliyompata Kalamu ya Mama.

Fundi_Wavuti

Wakuu, kuna jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nifungue uzi huu.

Dada yangu ana tovuti ya mashairi yake. Aliyemtengenezea alifanya kazi nzuri, akathibitisha na Search Console, akamwonyesha michoro ya wasomaji ikipanda. Lakini alithibitisha kwa akaunti yake mwenyewe, si ya dada. Baadaye wakaachana kikazi, simu ikawa haipokelewi. Kurasa zikaanza kupotea kwenye matokeo, na dada hakuwa na mahali pa kuangalia sababu. Alilia. Alidhani tovuti imekuwa ya mtu mwingine, kwa sababu "ameshathibitisha yeye".

Hapo ndipo neno umiliki linapowapotosha watu. Uthibitisho wa mmoja haumzuii mwingine. Kila akaunti inapewa msimbo wake, na watu wawili, watatu, watano wanaweza kuthibitisha domeni moja alimradi kila mmoja ana funguo. Domeni ilikuwa kwa jina la dada na nenosiri analo. Tukafungua akaunti yake, tukaweka TXT ya kwake pembeni ya ile ya zamani, ndani ya nusu saa naye alikuwa mmiliki. Tena hakuanzia sifuri. Taarifa za miezi ya nyuma zilikuwepo zote, kwa sababu zinafuata tovuti, hazimfuati mtu. Search Console hutunza hadi miezi 16.

Kisha tukafungua mipangilio, sehemu ya watumiaji na ruhusa, tukaona orodha ya wamiliki na njia ambayo kila mmoja aliithibitishia. Tukafuta TXT ya yule fundi kwanza, ndipo tukamwondoa kwenye orodha. Kwa mpangilio huo huo. Ukimwondoa mtu jina na kuacha msimbo wake ukining'inia, anaweza kuingia akabonyeza kuthibitisha akarudi.

Kwa hiyo ukiajiri mtu akutengenezee tovuti, thibitisha wewe kwa akaunti yako, halafu umwongeze yeye kama mtumiaji kwa barua pepe yake. Kuna ruhusa kamili na ruhusa yenye mipaka. Nenosiri lako usimpe.

Taa_ya_Kibatari

Hilo la misimbo kuning'inia lina upande mwingine wa hatari. Mimi niliwahi kupata barua kutoka Search Console kwamba mmiliki mpya ameongezwa kwenye tovuti yangu, anwani ya barua pepe nisiyoijua. Nilidhani ni ulaghai nikaipuuza siku mbili. Kumbe ni kweli, mtu alipenya kupitia plagini ya zamani, akapakia faili lake la uthibitisho, akawa mmiliki pamoja nami. Alitumia chombo kile kuwasilisha mamia ya kurasa zake chafu chini ya domeni yangu.

Nilifuta faili lake lakini nikilifungua kwenye kivinjari bado linaonekana! Alikuwa ameandika kanuni kwenye .htaccess (faili la mipangilio ya seva) inayojibu jina lolote la faili linaloanza na google. Mpaka nilipoisafisha hiyo ndipo akatoka. Barua ya aina hiyo msiipuuze. Lakini msibonyeze kiungo kilichomo, ingieni Search Console wenyewe mkaangalie orodha ya wamiliki.

Fundi_Wavuti

Mkuu asante sana kwa hilo. Nadra mtu kusimulia.

Kalamu_ya_Mama

Na Bing? Ni lazima nirudie yote haya?

Mzee_wa_Seva

Si lazima. Bing Webmaster Tools wana kitufe cha kuleta tovuti kutoka Search Console. Ukiingia kwa akaunti yako ya Google na kuruhusu, wanakubali uthibitisho uliokwisha fanya. Ukitaka njia ya mkono, faili lao linaitwa BingSiteAuth.xml, tagi yao ya meta ina jina msvalidate.01, na kwenye DNS wanatumia CNAME (aina ya rekodi inayoelekeza jina moja kwenye jingine) inayoelekea verify.bing.com. Usiikose Bing, maana DuckDuckGo, injini nyingine ya utafutaji, hawana chombo chao cha wenye tovuti na sehemu kubwa ya matokeo yao hutoka Bing. Yandex, injini ya Kirusi, nao wana chao, mantiki ni ileile.

Nuru_ya_Asubuhi

Wakuu nimerudi! Mzee alikuwa sahihi na Fundi alikuwa sahihi. Nslookup ilinionyesha seva za majina ni za kampuni inayonipangishia. Nimeweka TXT kwao, dakika kumi baadaye ikatokea kwenye jibu, nikabonyeza, imekubali! Nimefurahi sana jamani.

Sasa naona michoro yote mitupu. Imeandika data inachakatwa. Na je, sasa nitapanda kwenye matokeo?

Fundi_Wavuti

Hongera sana! Michoro ipe siku chache itajaa. Kuhusu kupanda, nikwambie ukweli: uthibitisho peke yake haukupandishi hata nafasi moja. Umewasha taa ndani ya nyumba yako, sasa unaona palipochafuka.

Ukiwa humo humo wasilisha ramani ya tovuti (sitemap), yaani orodha ya kurasa zako. WordPress kuanzia toleo la 5.5 la mwaka 2020 huitengeneza yenyewe, anwani yake ni jina la tovuti yako kisha /wp-sitemap.xml, ingawa plagini ya SEO inaweza kuibadilisha na yake. Halafu chukua ukurasa mmoja unaoujali, ubandike anwani yake kwenye kisanduku cha ukaguzi kilicho juu kabisa. Utaambiwa kama umo kwenye faharasa au haumo, na kama haumo, kwa nini. Ukikuta sababu ni noindex, yaani ukurasa wenyewe unaiambia Google isiuingize, nenda kwenye mipangilio ya kusoma ya WordPress uangalie kile kisanduku cha kuzuia injini za utafutaji. Wengi hukitia alama wakati wa kujenga na kukisahau.

Nuru_ya_Asubuhi

Nimeangalia. Kilikuwa na alama! Miezi minne yote hiyo. Nimekitoa, nimeomba ukurasa wa mwanzo ukaguliwe upya.

Pia nimesoma habari ya dada yako, nikamwongeza mdogo wangu kama mmiliki wa pili, ili akaunti yangu ikipotea tusikwame.

Fundi_Wavuti

Vizuri sana. Mwambie aingie leo athibitishe kwamba inamfungukia. Ila ujue umiliki wa kuongezwa unategemea wa aliyethibitisha. Msimbo wako ukiondoka na yeye anaondoka. Ukitaka asimame mwenyewe, achukue msimbo wake na yeye, muuweke TXT ya pili chini ya yako.

Nuru_ya_Asubuhi

Anachukua sasa hivi, yuko hapa pembeni yangu.